Chai ya Alasiri Nyumbani: Uandae Nini Ili Nawe Upate Kuketi

Ukitaka kujua kama mwaliko wa chai ya alasiri ulipangwa vizuri, mtazame mwenyeji, meza iache. Kuna wenyeji ambao wageni huwasikia sauti tu kutoka jikoni, "Endeleeni jamani, nakuja sasa hivi!", na mpaka watu wanaaga hawajakaa hata mara moja. Mara nyingi tatizo si kwamba walipika vitu vingi. Walichagua vitu vitano ambavyo vyote vinataka kushughulikiwa katika nusu saa ileile ya mwisho.

Kwa hiyo hapa kila kitafunwa nakipima kwanza kwa swali moja: kitanidai nini kuanzia nusu saa kabla ya wageni kuingia hadi watakapoondoka? Ladha naiweka nafasi ya pili, kwa sababu karibu vyote hivi ni vitamu vikitengenezwa kwa utulivu, na karibu vyote huharibika mpishi akiwa mbio mbio.

Tuelewane pia ni mlo gani tunaouzungumzia. Desturi hii ilishika miongoni mwa matajiri wa Uingereza katika miaka ya 1840, na anayetajwa zaidi kuianzisha ni Anna, Dachesi wa Bedford, ambaye njaa ilikuwa ikimuuma alasiri kwa kuwa chakula cha jioni kilikuwa kinaliwa usiku sana. Chai ilikuja kutuliza tumbo tu, ndiyo maana vipande vyake ni vya kidole kimoja. Waingereza wana chai nyingine nzito, ya watu waliorudi kutoka kazini, yenye nyama na vyakula vya moto, lakini hiyo ni chakula cha jioni kwa jina lingine. Usipoonyesha tofauti hiyo kwenye mwaliko, nusu ya wageni watakuja wameshiba na nusu watakuja na njaa ya mlo kamili. Andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa mfano saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja na nusu, na kila mtu atajua ale nini mchana.

Kuketi mezani au kujihudumia

Amua hili kabla ya kuwaza chakula, maana ndilo litakalokuchagulia chakula. Mgeni aliyeketi ana mikono miwili, ana kisu, na ana pa kuweka kikombe. Aliyesimama, mkono mmoja umeshika kikombe na kisahani chake, na unaobaki ni wa kuokota tu. Mpe huyo skonzi yenye jamu na krimu uone atakavyohangaika: akiing'ata upande huu, jamu inatokea upande wa pili na kuishia kwenye shati. Kinachomfaa ni kitu cha kumalizika kwa kung'ata mara mbili, kisichomwaga makombo wala kuacha mafuta vidoleni.

Idadi ya watu ndiyo hukata shauri. Buli la lita moja hutoa vikombe vitano hadi sita vya kawaida, kwa hiyo wageni sita mezani wanahudumiwa na mabuli mawili bila mtu kusubiri. Wakizidi wanane, kazi yako inageuka kuwa kumimina chai na kuzunguka meza. Kuanzia kumi na kuendelea mimi sihangaiki na meza. Naweka chai upande mmoja wa chumba na chakula upande mwingine, ili foleni ya kikombe isizibe njia ya anayefuata sahani. Vikiwekwa pamoja, watu husongamana hapo hapo na nusu ya chumba kinabaki kitupu.

Je, ile sahani ya ghorofa tatu? Inapendeza, na ina mpangilio wake: sandwichi chini, skonzi katikati, vitamu juu, mgeni anakula akipanda. Lakini moja hutosha watu watatu au wanne. Kwa sita utahitaji mbili, la sivyo utakuwa unainuka kuijaza kila mara. Sinia mbili bapa hufanya kazi ileile.

Cha chumvi: sandwichi au pai ndogo

Hapa ndipo watu wengi huchagua kwa mazoea. Sandwichi inaonekana rahisi kwa kuwa haipikwi. Kweli haipikwi, lakini karibu kazi yake yote iko siku yenyewe, na mkate uliokatwa vipande vyembamba hukauka haraka ukiachwa wazi. Pai ndogo za mayai zinakutaka uwashe oveni, ila unazioka jana.

Chukua sandwichi ya tango, iliyo maarufu kuliko zote kwenye meza hii. Karibu asilimia 95 ya tango ni maji, na maji hayo yakipata njia yanaingia kwenye mkate, nawe unaletewa mezani kitu kilicholowa. Likate vipande vyembamba unavyoweza kuona kivuli cha kisu kupitia kwake, nyunyizia chumvi kidogo, weka kwenye chujio kwa robo saa. Utashangaa maji yatakayotoka. Kisha panga vipande juu ya kitambaa safi, funika kwa kingine, gandamiza kwa kiganja. Siagi nayo si ya ladha peke yake. Ikiwa laini na ikapakwa hadi ukingoni kabisa mwa mkate, bila kuacha kona, mafuta yake yanazuia unyevu usipenye. Siagi ngumu kutoka friji hurarua mkate na kuacha mianya, kwa hiyo itoe saa moja mapema. Ganda la mkate likate mwisho, sandwichi ikiwa imeshajazwa na kugandamizwa kidogo, kwa kisu chenye meno. Ukikata ganda kabla ya kujaza, kingo hazitalingana hata ufanyeje.

Hata ukifuata yote hayo, sandwichi ya tango usiitengeneze zaidi ya saa mbili kabla. Ya yai ni mvumilivu zaidi: mayai yachemshe dakika kumi, yapoze kwenye maji baridi, yaponde na mayonezi na haradali kidogo jana usiku, yalale kwenye friji. Siku ya siku unapaka tu. Sandwichi za jibini au kuku aliyepondwa ziko kundi hilohilo. Zote zikiisha kujazwa zifunike kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, juu yake plastiki, uziweke friji zikiwa nzima. Zikate vipande vyembamba virefu, yaani vidole, dakika kumi na tano kabla ya wageni.

Hesabu yake ni hii: sandwichi moja ya vipande viwili vya mkate, ikitolewa ganda, hutoa vidole vitatu. Watu sita kwa vidole vinne kila mmoja ni vidole 24, yaani sandwichi nane, vipande 16 vya mkate na siagi kama gramu 120. Watu ishirini kwa hesabu hiyohiyo wanakaribia vidole 80. Jione umesimama unakata vidole 80 dakika ishirini kabla ya kengele kulia.

Kwa idadi hiyo pai ndogo zinashinda bila ubishi. Zioke jana kwenye trei ya keki za vikombe, yai moja kwa kila mililita 120 hivi za maziwa au krimu, ndani ukitia kitunguu kilichokaangwa hadi kikalegea na jibini iliyokunwa. Kitunguu kibichi kitakutolea maji na chini ya pai patakuwa tope. Zikipoa zihifadhi friji, kesho zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika kumi. Joto hilo linarudisha ukavu wa ganda, na wakati zinapashwa moto wewe unabadilisha nguo. Zinaliwa pia zikiwa zimepoa kidogo, kwa hiyo mgeni aliyechelewa hakupi kazi mpya.

Kuna njia ya tatu, ya vibakuli vya pestri ya matabaka vinavyojazwa uyoga au kuku kwenye mchuzi mzito. Maganda matupu hukaa siku mbili kwenye kopo lililofungwa vizuri, lakini ukishayajaza, robo saa baadaye yameanza kulegea. Ni kazi ya kufanya wageni wakiwa wameshafika. Mwenye msaidizi afanye.

Kitamu: skonzi au keki

Watu wanaogopa skonzi kwa sababu zinafaa kuliwa siku ileile zilipookwa, na ni kweli: kesho yake zimeshakauka. Hapa nazungumzia zile zinazoumuliwa kwa bekingi pauda, si vimikate vya hamira. Ila kuna jambo linalobadilisha hesabu yote, nalo ni kwamba skonzi mbichi zilizokwisha kukatwa hukaa friza hadi mwezi mzima. Unaziweka kwenye oveni zikiwa barafu vilevile, ukiongeza dakika tatu hadi tano kwenye muda wa kawaida. Kazi ya mikono imefanyika wiki iliyopita, na harufu ya kuoka inatoka wageni wakiwa mlangoni. Kitafunwa kingine cha moto kinachokupa hivyo sikijui.

Kwa skonzi nane: unga wa ngano gramu 225, vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda, chumvi kidogo sana, siagi gramu 50 iliyo baridi, sukari gramu 25, maziwa mililita 150. Siagi ifikiche kwenye unga kwa ncha za vidole, viganja visiguse maana vina joto, hadi mchanganyiko uwe chenga chenga. Vile vipande vidogo vya siagi baridi vinayeyuka ndani ya oveni, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kuinua unga. Ukivipasha moto mikononi umeipoteza kazi hiyo. Maziwa mimina karibu yote kwa pamoja, changanya kwa kisu cha mezani, ukomee pale unga unaposhikana. Usikande. Tandaza kwa mkono hadi unene wa sentimita mbili na nusu, kisha kata kwa kushusha kikatio wima na kukiinua wima. Mkono wa kila mtu unataka kukizungusha, lakini kuzungusha kunaziba kingo, na skonzi inapanda upande mmoja kisha inalala. Oveni nyuzi 220, dakika 12 hadi 15.

Mjadala wa jamu kwanza au krimu kwanza ni wa watu wa Devon na wa Cornwall, kaunti mbili za kusini-magharibi mwa Uingereza. Devon huanza na krimu, Cornwall huanza na jamu, na hawatapatana leo. Jikoni kwako ugumu wa krimu ndio uamue. Krimu nzito inayopakika kama siagi inaweza kutangulia. Ile nyepesi ya kupigwa iweke juu ya jamu, vinginevyo kisu kitaisukuma yote pembeni.

Keki nayo inajitetea vizuri. Keki ya umbo la mkate, ya ndimu, karoti au ndizi, ni bora zaidi siku ya pili, unyevu ukishatawanyika ndani. Nusu saa ya mwisho haikudai kitu ila kukata vipande vya upana wa kidole kimoja na nusu na kugawa kila kipande mara mbili. Kwa wageni waliosimama hiyo ndiyo ningeichagua, na wala nisiipake kitu juu. Keki ya matabaka mawili yenye jamu na krimu katikati, ile iliyopewa jina la Malkia Victoria, inaanza na mayai yaliyopimwa uzito, kisha siagi, sukari na unga vyote kwa uzito huohuo. Ni rahisi kukumbuka na inapendeza, lakini inataka sahani, uma na mtu wa kuikata. Iwe ya mezani.

Keki za vikombe zenye mlima wa aisingi naziona zimepewa sifa kubwa mno. Hazipangiki juu ya nyingine, aisingi ya siagi inalegea kwenye chumba chenye joto, na wengi hulamba juu wakaacha keki. Biskuti hukaa wiki nzima kwenye kopo. Zile nyeupe za ute wa yai na sukari ziache kwa siku kavu, kwani hewa yenye unyevu huzifanya zinate.

Vyote pamoja kwa jicho moja

| Kitafunwa | Kinaandaliwa lini | Nusu saa ya mwisho | Kwa aliyesimama |
|---|---|---|---|
| Sandwichi ya tango | saa mbili kabla | kukata ganda na vidole | kinafaa |
| Sandwichi ya yai | mchanganyiko jana, kupaka siku yenyewe | kukata | kinafaa |
| Pai ndogo za mayai | jana | kupasha moto tu | kinafaa sana |
| Vibakuli vya pestri | maganda siku mbili kabla | kujaza, na huwezi kuwahi | kinafaa kikiwa kidogo |
| Skonzi | friza, hadi mwezi | kuoka | hapana |
| Keki ya umbo la mkate | siku moja au mbili kabla | karibu hakuna | kinafaa sana |
| Keki ya matabaka | keki jana, krimu siku yenyewe | kupamba, kukata | hapana |
| Biskuti | hadi wiki moja kabla | hakuna | kinafaa |

Soma safu ya tatu kutoka juu kwenda chini. Kwenye orodha yako ruhusu kazi moja ya mikono hapo, mbili ukiwa na mtu wa kukusaidia.

Chai yenyewe

Inashangaza jinsi watu wanavyohangaika siku mbili kwa keki, kisha chai wakaitupia mfuko mmoja kwenye kikombe. Kwa wageni sita, majani kwenye buli yanafaa kuliko mifuko: gramu mbili, yaani kijiko cha chai, kwa kila kikombe. Chai nyeusi inataka maji yanayochemka, dakika tatu hadi tano. Ikikaa zaidi inakuwa chungu, na hapo ndipo buli la pili linapookoa: ichuje yote iingie buli la pili lililopashwa moto, majani yabaki nyuma. Anayekunywa kikombe cha tatu atapata ladha ileile ya cha kwanza.

Kwa watu ishirini badili mbinu. Tengeneza chai kali mara mbili ya kawaida, ichuje kwenye chupa ya kutunza joto, na kando weka chupa ya maji ya moto. Kila mtu achanganye apendavyo, nusu kwa nusu kwa anayetaka ya kawaida. Mifuko kwenye vikombe ishirini inakuachia mifuko ishirini iliyolowa kwenye visahani.

Aina mbili zinatosha: nyeusi moja, na moja isiyo na kafeini kama chamomile au mnanaa, ambayo watoto pia watakunywa. Chai ya kijani ni nzuri ila inadai maji ya nyuzi 75 hadi 80 na dakika mbili tu, yaani uangalizi ambao siku hiyo huna. Maziwa na vipande vya limau viweke mbali. Vikikutana kwenye kikombe kimoja maziwa yanakatika, na daima kuna mgeni mmoja anayetaka vyote.

Kiasi, joto na mzio

Kila mtu mzima atakula vipande vinne vya chumvi, skonzi moja au moja na nusu, na vitamu viwili vidogo. Mwaliko ukigusa saa moja usiku, ongeza vya chumvi mara mbili, vitamu viache vilivyo.

Mayai, kuku, mayonezi na krimu visikae nje kiholela. Miongozo ya usalama wa chakula ya Marekani inaweka kikomo cha saa mbili kwenye joto la kawaida, na saa moja joto likizidi nyuzi 32. Usiweke kila kitu mezani mara moja. Toa sinia dogo, jingine libaki friji, na likiisha badilisha sinia zima, usiongeze vipya juu ya vilivyokaa. Mzio uulize wakati wa kualika: karanga na jamii yake, ufuta, mayai, maziwa, ngano. Ukipata jibu la ndiyo, kitafunwa cha mtu huyo kipe sahani na koleo lake.

Ningechagua hivi

Watu sita mezani, mimi peke yangu jikoni: sandwichi za yai na za tango, skonzi kutoka friza, keki ya ndimu ya jana. Oveni inawashwa wakati mgeni wa kwanza anavua viatu.

Watu ishirini wamesimama: pai ndogo za aina mbili, keki ya umbo la mkate za aina mbili, biskuti, matunda ya kuokota. Hakuna sandwichi, hakuna krimu. Kama ni lazima sandwichi iwepo, iwe aina moja ya jibini, iliyokatwa na mtu mwingine.

Wakiwepo watoto wengi, skonzi zikate kwa kikatio cha sentimita nne, dakika za kuoka zipungue hadi kumi hivi, na jamu ipakwe jikoni kabla hazijatoka.

Na siku yenyewe ikikubana, cha kwanza kuacha ni sandwichi ya tango, kinachofuata ni krimu ya keki ya matabaka. Paka jamu peke yake katikati, nyunyiza sukari laini juu, uipeleke mezani.